Mpiga Chapa Aliyetaka Mashahidi Wawili

Ukiweka karatasi mezani mbele yake, hakuigeuza. Aliisoma hivyo hivyo kichwa chini, na aliimaliza kabla yako wewe uliyeileta. Ulikuwa ugonjwa wa kazi: maisha yake yote alipanga herufi za plomb, yaani madini ya risasi, moja moja, zikiwa zimepinduka, na macho yake yakazoea kuona mambo kutoka upande ule. Siku moja tulikwenda naye kwenye ofisi fulani hapa Butembo kutafuta ruhusa ya gazeti lake. Bwana wa ofisi alituambia kwa sauti nzuri kwamba faili yetu haijafika. Faili yenyewe ilikuwa wazi mbele yake.

"Pale, chef, mustari ya tatu," Mpiga Chapa akasema akiwa ameketi upande wetu. "Ile ni jina yangu."

Yule bwana alifunga faili polepole. Ruhusa ilichukua miezi mingine mitatu, na ilikuwa kwa ajili ya ujuaji huo.

Hakuwa mtu wa kupendeza, na sitamfanya mtamu leo kwa sababu tu amezeeka. Alikuwa mkavu na mbishi. Asubuhi alisalimia mashine kwanza, akaipiga kofi dogo ubavuni, ndipo akatusalimia sisi. Mji mzima ulimwita Mupiga Chapa, na mkewe, alipokuwa hai, alimwita hivyo hivyo: "Mupiga Chapa, chakula inapoa." Mimi nilimwita muzee. Nilifanya kazi kwake miaka minane, ya kukunja gazeti na kulishona kwa uzi, na katika miaka hiyo alinisifu mara moja. Alisema mikunjo yangu haina aibu.

Gazeti lilikuwa la wakulima na wafanyabiashara wa kahawa, kakao na vanila, kuanzia Lubero mpaka barabara ya Oicha. Lilikuwa na jina, lakini watu waliliita "ile karatasi", na ukisema hivyo hakuna aliyeuliza karatasi gani. Lilitoka kila baada ya miezi miwili likiwa na bei, magonjwa ya miti, hali ya barabara, na ushauri wa kuvundika na kukausha kakao. Alilichapa kwenye mashine ya kukanyaga kwa mguu aliyoinunua kwa wamisioni walipokwenda kwenye komputa. Umeme ukikatika, nyumba zote za chapa mjini zilinyamaza, ila yetu. Siku hizo ndizo pekee nilizomsikia akiimba.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hakujua kulima. Aliandika jinsi ya kupogoa kahawa, na watu wa Lubero walipogoa kwa kumfuata, huku mti mmoja wa kahawa aliokuwa nao nyuma ya nyumba ukifa kwa maji mengi. Yeye mwenyewe alikunywa chai. Nilipomwuliza anathubutuje kuwafundisha wakulima, alisema yeye hamfundishi mtu, anaandika tu yale ambayo mkulima mmoja amefanya na mkulima mwingine ameyaona.

Alikuwa adui wa neno "sana". Ukimwandikia kwamba mvua ilinyesha sana Mbau, alichapa kwamba mvua ilinyesha Mbau. "Nani alipima ile sana?" alikuwa akiuliza. Mwandishi wetu wa Mavivi, kijana aliyesoma kilimo, aliwahi kutuma habari yenye "sana" kumi na moja. Mpiga Chapa alizikata zote kwa mkasi, akamrudishia karatasi pamoja na bahasha yenye vipande kumi na moja vya "sana", ili akavitumie kwingine. Yule kijana hakutuandikia tena, na tulikosa habari za Mavivi kwa msimu mzima.

Lakini swali lake kubwa lilikuwa jingine. Mtu akimletea habari yoyote, ya mdudu wa kakao au ya daraja lililokatika, aliuliza: nani aliona? Ukisema watu wanasema, aliendelea na kazi yake kana kwamba umetoka. Ukisema niliona mimi, aliuliza: na mwingine? Alitaka mashahidi wawili, kila mmoja awe ameona kwa macho yake, na wasiwe wa nyumba moja. Aliishika kanuni hiyo hata pale isipohitajika. Baba mmoja alileta maneno ya kuchapa kadi za ndoa ya binti yake. Mpiga Chapa akasoma kichwa chini, kisha akauliza kama binti ameiona kadi.

"Baba yake ni miye," yule baba akasema.

"Ndiyo, papa. Lakini jina yenye iko hapa ni ya mutoto. Akuye asome."

Binti alikuja na shangazi yake. Alisoma, akasoma tena, halafu akasema hamtaki yule mwanaume. Ndoa ikafia pale, kati ya makasha ya herufi. Baba yake alizunguka mjini mwaka mzima akisema Mpiga Chapa amemwibia mkwe. Ungefikiri binti alishukuru. Baadaye aliolewa na mwanaume wa chaguo lake mwenyewe, akateseka naye, na leo anauza vitenge sokoni. Alikuwa akipita mbele ya nyumba ya chapa bila kugeuza shingo. Mpiga Chapa alimwona kila mara. Nadhani ilimuuma.

Sasa niseme juu ya mistari, maana habari yangu iko humo.

Mara moja kwa mwaka, gazeti lilitoa kurasa za nyongeza zenye orodha ya wenye mashamba. Kila mkulima alikuwa na mstari wake: jina, mahali, zao, na idadi ya miti. Kupanga orodha yote upya kila mwaka kungekula miezi, kwa hiyo Mpiga Chapa hakuivunja. Kila mstari ulifungwa kwa kamba nyembamba, ukalazwa juu ya mbao ukutani, ukingojea mwaka mwingine. Ukiingia uliiona ile mistari imelala pale, kijivu, mamia, na kama hukujua kuisoma ungedhani ni vipande vya vyuma tu.

Mkulima akifa, mstari wake ulivunjwa na herufi zikarudi kwenye makasha. Zamani alifanya hivyo mwenyewe bila maneno. Halafu mama mmoja wa Mulekera, kule Beni, aliyefiwa na mume kwa ugonjwa, alikuja kuomba jina liondolewe. Mpiga Chapa alikuwa na wino mpaka kwenye viwiko. Alimwonyesha mstari na makasha, akamwambia aondoe mwenyewe. Yule mama alitumia asubuhi nzima. Alichukua herufi moja, akaitazama, akauliza iko wapi nyumba yake, akaidondosha, akachukua nyingine. Alipomaliza alisema "wasingya", asante ya lugha ya kwetu, akaenda zake. Sijui aliwaambia nini wenzake, lakini tangu hapo watu walikuja. Kilio kikiisha, kabla ya kugawa vitu vya marehemu, familia ilipanda gari mpaka Butembo kuvunja mstari. Wengine walileta watoto, kila mtoto herufi yake. Ilikuwa desturi iliyozaliwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na mikono michafu.

Yeye alinung'unika. Watu waliweka herufi kwenye vyumba visivyo vyake, na wakishaondoka alikaa saa nzima akizitoa na kuzirudisha mahali pake, miwani puani. Hakumwambia mfiwa hata mmoja kwamba amekosea. Katika miaka yangu minane sikumwona akifanya wema mkubwa kuliko huo.

Mume wangu alikuwa na mstari. Shamba letu la kakao lilikuwa nje kidogo ya Mbau, na tulikuwa wasomaji wa ile karatasi tangu Masika, binti yetu mkubwa, alipokuwa mgongoni. Asubuhi moja ya mavuno mume wangu alikwenda na wanaume wengine wawili kugeuza kakao iliyoanikwa. Watu wa porini, wale wenye silaha, waliwakuta huko. Jirani alisikia kelele, hakuona. Tulipothubutu kufika, turubai lilikuwa pale na kakao juu yake, na watu hawakuwapo. Sitasema ni akina nani waliowachukua, kwa maana siwajui, na wale wanaosema wanawajua hawasemi kitu kimoja.

Nilikimbia na watoto wawili mpaka Beni, kisha Butembo. Sikuwa na mtu Butembo. Nilijua mlango mmoja tu, ule uliochapwa chini ya ukurasa wa mwisho wa gazeti, nikaufuata. Mpiga Chapa alinisikiliza akiwa amesimama.

"Nani aliona?"

"Hakuna, muzee. Balisikia tu."

"Donc, basi, mustari inabakia." Akanitazama miguu, akatazama watoto. "Unajua kushona?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Misimu miwili ya mvua ilipita, na ndugu za mume wangu wakaanza kusema kilio kifanyike. Nawaelewa. Mtu hawezi kukaa bila kulia wala kucheka maisha yake yote. Lakini nyuma ya kilio kulikuwa na shamba, lililopaswa kugawanywa, na nyuma ya shamba kulikuwa na shemeji yangu, aliyeanza kuniambia kwa upole kwamba watoto wanahitaji baba. Waliitisha kikao cha familia, Beni. Nilikwenda na gazeti la mwaka ule ndani ya kitenge. Walipomaliza kuongea nililifungua kwenye orodha na kumpa baba mdogo wa mume wangu, mkubwa wa ukoo wao. Alipitisha kidole chini ya mstari: jina, Mbau, kakao, idadi ya miti. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Kama karatasi inasema mutu iko," akasema, "nani anaweza kusema haiko?"

Kikao kikaisha. Shamba likasubiri, shemeji akasubiri. Maadamu mstari ule unachapwa, mimi si mjane na watoto wangu si yatima. Nilirudi Butembo nikiwa nimeshikilia gazeti kifuani kwenye zile barabara mbaya zote, na sikumwambia Mpiga Chapa lilikotumika. Naamini alijua.

Kanuni yake haikuwa na ndugu wala adui. Alikuwa akisafiri mwenyewe kwenda Beni kugawa gazeti, na safari moja askari wa kizuizi alikuta mfuko mdogo wa herufi katika begi lake. "Muzee, oyo nini, hii kitu?" Badala ya kueleza, Mpiga Chapa aliketi juu ya jiwe, akauliza jina la askari, akalipanga, akapaka wino kwa kidole gumba, akalikandamiza juu ya ganda la sigara. Askari alilitazama jina lake kwa muda, akaliweka ndani ya kofia. Baada ya miezi kadhaa, askari mwingine alifika kwetu Butembo akiomba jina lake pia, kama lile la mwenzake. Mpiga Chapa aliuliza mwenzake yuko wapi. Akaambiwa ameshakufa huko mbele, vitani.

"Nani aliona?"

"Ni miye."

"Na mwingine?"

Yule kijana mwenye bunduki alifikiri, akataja jina la mwingine aliyekuwapo. Mpiga Chapa akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akavua kofia, hakuvua kabla ya hapo. Kisha akaanza kupanga jina la huyu aliye hai, na vidole vyake vilikwenda taratibu kuliko kawaida.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa pili wa kazi, mwanamke mmoja wa upande wetu wa Mbau alinikuta sokoni. Alinivuta pembeni ya mabanda ya sombe, majani ya mhogo, na kunishika mikono yote miwili, nikajua kabla hajafungua mdomo. Siku ile ya mavuno alikuwa amejificha chini, kando ya kijito, karibu na mashine ya mawese. Aliona. Aliniambia alichoona, na alitaja fulana ya sufu ya bluu ambayo mkono wake mmoja ulishonwa kwa uzi mweupe. Uzi ule nilishona mimi, kwa kuwa sikuwa na wa bluu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nilimpa ndizi zangu zote na kumwomba asifike kwenye nyumba ya chapa. Alishangaa, lakini hakuuliza. Wiki iliyofuata alivuka kwenda Uganda kwa ndugu zake. Mimi nilirudi kazini, na ulikuwa mwezi wa orodha. Nilikunja jina la mume wangu katika kila nakala, nikapitisha sindano, nikakaza uzi. Nilimpenda, na nilimwogopa shemeji, na sijui hata leo ni lipi kati ya hayo mawili lililonifunga mdomo. Kila mwaka nilifanya hivyo tena. Nilijiambia kwamba shahidi ni mmoja tu, na mmoja, kwa kanuni ya nyumba ile, hatoshi.

Wakati huo mambo ya Mbau na Oicha yalizidi, na mistari iliyongoja ukutani ikazidi nayo. Wale waliokufa na kuonekana, mistari yao ilivunjwa. Waliochukuliwa walibaki wamefungwa kwa kamba zao, mwaka baada ya mwaka. Sasa sisi majina yetu unayajua: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Kavira, Kahindo. K kubwa zikaanza kuisha, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa ukutani pamoja na wenyewe. Ukitaka kuandika habari ya Kambale fulani aliyepanda vanila, ulikuta chumba cha K kitupu. Mpiga Chapa akachonga K za mti wa mkaratusi. Zilikunywa wino vibaya na kutokea nene, nyeusi kuliko jina lenyewe, na wasomaji wakauliza hao wenye K nene wana cheo gani.

Nilimwambia, kwa nia njema, kwamba mbele ya kanisa kuna kijana anayechapa kwa komputa, na kwenye komputa K haiishi.

"Ndio shida yake ile," akajibu.

Hakueleza, nami sikuuliza. Siku ile nilidhani ni ubishi wa mzee. Siku hizi nalifikiria jibu hilo ninapopika, ninapofua, na sijalimaliza.

Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini wakati wa matangazo alitoka nje na kusimama uani mpaka yaishe, kwa sababu yalisomwa bila shahidi. Padri alilijua hilo na alilicheka. Rafiki yake mkubwa alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, mzee kama yeye, na walikutana kila Jumatano kubishana juu ya Tomaso, yule mtume aliyetaka kugusa kovu. Mchungaji alimwona mdhaifu. Mpiga Chapa alimwona mtu pekee mwenye akili katika chumba kile, ila alisikitika kwamba Tomaso hakumwita mtu wa pili naye aguse.

Gazeti lilikufa taratibu. Wakulima wa Mbau walikuwa wamekimbia, bei zilipatikana kwenye simu, na wanunuzi wa kakao hawakuona faida ya karatasi inayokagua magunia yao. Toleo la mwisho lilikuwa orodha peke yake. Halafu akaugua kifua, akalazwa muda mrefu, na binti yake akamchukua Beni, Mulekera. Nyumba ya chapa ikafungwa. Mimi nikaanza kushona sare za wanafunzi.

Miezi michache iliyopita nilisikia sokoni kwamba mkwe wake ameuza herufi. Mtu wa Goma alikuja na mizani na kuzibeba kwa uzito, zikayeyushwe. Nilisikia asubuhi, na saa sita nilikuwa kwenye gari la Beni. Sikujua nakwenda kufanya nini. Nilijua tu kwamba kama mistari haipo, hakuna tena kinachosema mume wangu yu hai.

Pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba ya mabati mapya. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, amepungua, macho yameingia ukungu. Alisikia hatua, akainua uso.

"Ni nani?"

"Ni miye, muzee. Mama Masika."

"Eh. Ikala hapa."

Niliketi, na binti yake akaleta chai na kutuacha. Nilimwuliza kama ni kweli.

"Balibeba yote," akasema. "Mukwe alifikiri ni chuma ya bure. Miye nilikuwa ku hopitali."

"Na ile mistari? Ya batu benye balipoteaka?"

"Na yenyewe. Balitia mu mufuko na kamba zake."

Alilisema bila kupandisha sauti. Nilitazama vidole vyake juu ya goti. Vilikuwa safi, na hilo lilinitisha kuliko macho.

"Mama Masika, kuko kitu nilikufichaka," akasema. "Ile mwaka ya pili ya kazi yako, mwanaume mumoja alikuya kwa atelier ya chapa. Weye ulikuwa umeenda ku soko. Balimukamataka pamoja na bwana yako. Yeye alikimbia, akatokea Mavivi. Akaniambia bwana yako alikufaka siku ile ile. Alimuona."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini, kwenye vumbi.

"Na weye ulimuambia nini?"

"Nilimuuliza nani mwingine aliona. Akasema ni yeye peke yake. Donc nikangojea wa pili. Mumoja haitoshe, mama. Unajua kazi yangu."

Hasira iliyonipanda sikuwahi kuijua. Nilimwona akipita nyuma ya kiti changu miaka yote ile, akinitazama nikikunja, naye anajua. Nikamwuliza jambo ambalo katika miaka minane hakuna aliyemwuliza.

"Muzee, na kwa kuandika kama iko muzima, nani aliona?"

Vidole vyake vilipapasa goti, kana kwamba vinatafuta herufi. Pikipiki mbili zilipita barabarani. Mtoto wa jirani aliita kuku.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Kila mwaka nilichapa kitu yenye hakuna mutu aliona."

Alionekana mdogo ghafla, mzee yule, na ningeweza kumwacha hivyo. Ningeweza kupanda pikipiki na kubaki mwenye haki mpaka kufa kwangu. Lakini uongo ule tuliuchapa wawili, yeye akikanyaga na mimi nikishona. Nikamwambia juu ya mwanamke wa sokoni.

Hakushtuka. Alikaa wima, na sauti yake ikarudi ile ya kazini.

"Aliona na macho yake?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Ku kijito, chini ya mashini ya mawese."

"Na ule mwanaume alisema mashini ya mawese. Bwana yako alivaa nini?"

"Tricot ya bleu. Mukono moja nilishonaka na uzi mweupe."

"Bleu, ndiyo. Uzi hakusema." Alifikiri. "Mwenye kukimbia hapana kuona uzi. Huyu mwanamke na ule mwanaume, ni ba nyumba moja?"

"Hapana. Habana undugu."

Alinyoosha mkono hewani, akatafuta wangu, akaupata.

"Basi, mama. Mashahidi ni babili."

Nililia pale, mchana, mbele ya nyumba ya watu, kwa sauti ambayo sikuitoa siku ya turubai. Wanawake wa jirani walikuja mpaka kwenye ua wao wakasimama. Yeye hakunibembeleza. Alimwita binti yake alete maji, akasubiri ninywe, akaniomba nimsamehe. Nilimwambia ukweli, kwamba bado sijui. Akasema hiyo inatosha, ni afadhali kuliko kusema kitu nisichokiona. Tuliagana hivyo. Sijarudi Mulekera tangu siku ile, ingawa nasikia anaulizia habari zangu.

Nilifika Butembo kesho yake. Masika alikuwa jikoni akimenya viazi. Ana umri wa kuolewa sasa, na mikono ni ya baba yake. Niliketi juu ya kigoda nikamwambia kwamba baba yao amekufa, alikufa siku ile ile ya mavuno, na kwamba tutafanya kilio kabla ya mvua kubwa, ndugu za baba waseme watakayosema.

Aliendelea kumenya kiazi kilichokuwa mkononi mpaka akakimaliza.

"Nani alikuambia, maman?"

"Batu babili," nikasema.

Niliogopa aniulize nimejua tangu lini. Alinitazama, na nikaona swali lile limefika mpaka mdomoni mwake. Kisha akaweka kisu ndani ya beseni, akajifuta mikono, akatoka kwenda kumwita mdogo wake.